Je, kazi za washauri waelekezi humwachia mteja kitu? Nimelipwa kwa kazi hiyo, na sasa ninailipia

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kwa miaka kumi na miwili nilifanya kazi ya ushauri elekezi nikiwa Dar es Salaam. Niliandika mipango mkakati, pembuzi yakinifu na tathmini za miradi kwa ajili ya mashirika ya umma, halmashauri na kampuni binafsi. Kwa miaka minne sasa niko upande wa mteja. Mimi ndiye ninayeandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ambayo mshauri atatakiwa kuifanya, ninayekaa kwenye kamati ya kupima zabuni, na ninayetia saini kwamba kazi imepokelewa ili mshauri alipwe. Kwa hiyo swali la kama fedha hizi huleta kitu cha maana, ambalo watu wengi huliuliza kwa hasira kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapotoka, ninalichukua kama langu. Nimekuwa sehemu ya tatizo hili kwa muda mrefu kuliko muda ambao nimejaribu kulitatua.

Ninaloliamini baada ya miaka yote hiyo ni kwamba thamani ya kazi ya ushauri huamuliwa, kwa sehemu kubwa, kabla mshauri hajakanyaga ofisi ya mteja. Huamuliwa siku mteja anapoandika anachokitaka, anapoamua atalipa kwa ajili ya nini, na anapomtaja, au anaposhindwa kumtaja, mtumishi wake mwenyewe atakayeibeba kazi hiyo mshauri akishaondoka. Mshauri hodari anaweza kuokoa kiasi fulani cha kazi iliyoanza vibaya, lakini si kwa kadiri ambayo sisi wa fani hiyo tulipenda kujisifia.

Nitoe mfano mmoja kutoka katika maisha yangu, na mtaniwia radhi kwa kutotaja mahali. Tuliajiriwa na mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mkoani kuandika mpango wa kupunguza upotevu wa maji. Maji yaliyokuwa yakisukumwa kutoka kwenye chanzo yalikuwa mengi kuliko yale yaliyokuwa yakilipiwa, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Mkataba ulisema tutalipwa asilimia 20 tukiwasilisha ripoti ya awali, asilimia 50 tukiwasilisha rasimu, na asilimia 30 ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Yaani hakuna hata shilingi moja iliyotegemea tone la maji. Tulifanya kazi kwa uaminifu. Tulihoji watumishi, tukachora ramani za kanda, tukaandaa warsha ya wadau, tukaandika kurasa zaidi ya mia na hamsini za Kiingereza kizuri, kwa sababu mfadhili aliyelipa alikuwa anasoma Kiingereza. Tulilipwa zote. Nilipopita pale baada ya miaka mitatu, upotevu ulikuwa vilevile.

Jambo lililoniumiza zaidi halikuwa ripoti kukaa kabatini, maana hilo hutokea kote na kila mtu amekwisha kulisikia. Lililoniumiza ni mazungumzo yangu siku hiyo na msoma dira (mita za maji) mmoja mzee, ambaye tulimhoji mara ya kwanza kwa dakika ishirini hivi. Aliniambia kwamba ripoti yetu hakuwahi kuiona, na hata angeiona asingeweza kuisoma. Kisha akaniambia, bila kunilaumu, kwamba katika kata anayoizungukia kuna nyumba nyingi zenye maji ambazo hazimo katika daftari la wateja. Waliziunganisha mafundi wakati wa upanuzi wa mtandao, na karatasi zake hazikuwahi kufika kitengo cha ankara. Yeye alikuwa na orodha yake katika daftari la shule. Hakuna aliyewahi kumwomba orodha hiyo, nasi tukiwa miongoni mwa wasiomwomba.

Mkurugenzi mpya aliyekuja baadaye alituita tena kwa kazi ndogo ya wiki sita. Hadidu zake za rejea zilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Zilitaka tutembee na wasoma dira mtaa kwa mtaa, tulinganishe kila dira na daftari, turekebishe daftari lenyewe badala ya kuandika jinsi ya kulirekebisha, na tumfundishe mkuu wa kitengo cha ankara, ambaye alitajwa kwa cheo chake katika mkataba, mpaka aweze kuendelea bila sisi. Theluthi ya malipo ilizuiwa mpaka mizunguko miwili ya ankara ipite. Kazi ile haikuwa na fahari yoyote, na vijana wangu wawili waliokuwa na shahada za uzamili walinung'unika kwa kutembea juani. Lakini makusanyo ya mamlaka ile yalipanda, na yalibaki juu baada ya sisi kuondoka. Mshauri alikuwa yuleyule na mji ni uleule. Kilichobadilika ni namna mteja alivyoagiza.

Ningependa kusikia wenzangu, hasa mnaofanya kazi serikalini na mnaolipa kutoka katika mfuko wenu wenyewe.

Mchangiaji, Dodoma

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kusema wazi, ila naona umeliacha jambo moja kubwa pembeni. Nimefanya kazi katika ofisi ya mipango ya halmashauri kwa miaka tisa. Mara nyingi watumishi wanajua jibu, kama yule mzee wako mwenye daftari. Mshauri huajiriwa kwa sababu jibu likisemwa na mtumishi ni maoni, na likisemwa na mshauri ni utaalamu. Tumewahi kuandika andiko la ndani la kurasa kumi na mbili juu ya kuhamisha stendi ya mabasi, likakataliwa. Mwaka uliofuata mshauri akaja, akatuomba andiko letu, akaliongezea ramani na majedwali, na likapitishwa na kikao bila swali. Fedha zilizolipwa zingetosha kujenga vyoo vya shule mbili. Kwa lugha nyepesi, tulinunua mhuri. Sasa nakuuliza: mhuri una thamani au hauna? Na kama hauna, kwa nini sheria na wafadhili wanatulazimisha kuununua?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, swali lako ni zito na sitalijibu kwa haraka.

Kuna mhuri wa aina mbili, na kwa macho hufanana. Wa kwanza ni ule wa mtu asiye na maslahi anayekuja kusema jambo ambalo walio ndani hawawezi kulisema kwa usalama wao. Nimewahi kuandika upembuzi yakinifu uliosema soko la kisasa lisijengwe mahali lilipokusudiwa, kwa sababu wafanyabiashara wasingehamia huko. Mhandisi wa wilaya alikuwa analijua hilo kabla yangu. Asingeweza kulisema mbele ya waliokwisha kuahidi soko jukwaani. Soko halikujengwa, na thamani ya kazi ile haionekani popote, maana hakuna anayepiga picha uwanja mtupu akaiweka katika taarifa ya mwaka. Huo ni mhuri ninaoutetea, na nadhani tunaudharau kwa sababu faida yake ni hasara ambayo haikutokea.

Mhuri wa pili ni ule ambao uamuzi umekwisha kufanyika, na mshauri anaitwa auvike joho. Huu hauna thamani kwa mteja, na unaweza kuwa na madhara makubwa. Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni wa Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, SARS. Kampuni ya ushauri ya Bain ilipewa kazi ya kuipanga upya mamlaka iliyokuwa inasifika kwa ufanisi. Mkataba ulioanza kwa thamani ya randi milioni 2.6 uliishia kuwa wa randi milioni 164. Tume ya Jaji Robert Nugent ya 2018 ilionyesha kwamba wakuu wa kampuni ile walikuwa wamekutana na mtu aliyekuja kuwa Kamishna, wakapanga naye mabadiliko hata kabla hajateuliwa. Kitengo kilichohudumia walipakodi wakubwa kilivunjwavunjwa, watumishi wenye ujuzi wa miaka mingi wakaondoka, na uwezo wa kukusanya kodi ukadhoofika. Kampuni ilirudisha fedha pamoja na riba, na 2022 serikali ya Uingereza ikaizuia kwa muda kupata kazi zake. Lakini fedha ya ada ndiyo iliyokuwa ndogo katika hasara ile. Mamlaka iliyovunjwa hairudishwi kwa hundi.

Kwa hiyo ukiniuliza mhuri wa stendi yenu ni wa aina gani, mimi nakuuliza jambo moja tu: je, mshauri yule alikuwa na uhuru wa kusema stendi isihamishwe, na angelipwa vilevile kama angesema hivyo? Kama jibu ni ndiyo, mlipata kitu, hata kama mlikilipia ghali. Kama jibu ni hapana, mlilipia joho.

Kuhusu wafadhili, hoja yako ninaikubali bila masharti. Tangu 1995 jopo la wataalamu huru lililoongozwa na Gerald Helleiner, ambalo Profesa Lipumba na marehemu Profesa Ndulu walikuwa ndani yake, liliwaambia serikali na wafadhili kwamba Tanzania haikuwa inamiliki programu zilizoandikwa kwa jina lake. Anayelipa akiwa mmoja, anayeitwa mteja akiwa mwingine, na atakayetumia kazi akiwa wa tatu ambaye hata hakuulizwa, mshauri mwenye akili atamwandikia anayelipa. Nilifanya hivyo mwenyewe, kwa Kiingereza kizuri.

Mchangiaji, mtafiti wa uchumi, Morogoro

Naomba niongeze kitu ambacho mara nyingi hukosekana katika mabishano haya, yaani vipimo. Kwa kawaida haiwezekani kujua kama mshauri ameleta faida, kwa sababu hatujui mteja angekuwa wapi bila yeye. Wapo waliolipima hilo kwa bahati nasibu, yaani kwa kuchagua bila upendeleo nani apewe mshauri na nani asipewe, kisha wakawalinganisha.

Kuanzia 2008, watafiti akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua makampuni 17 ya nguo karibu na Mumbai, India. Baadhi ya viwanda vyao vikapewa mwezi mmoja wa uchunguzi pamoja na miezi minne ya utekelezaji chini ya kampuni kubwa ya kimataifa ya ushauri, bila malipo. Vingine vikapewa uchunguzi tu. Mambo yaliyorekebishwa yalikuwa ya kawaida kabisa: kuandika kasoro za kitambaa kila siku, kupanga nyuzi ghalani ili zijulikane ziko wapi, kutengeneza mashine kabla hazijaharibika. Viwanda vilivyosaidiwa kutekeleza viliongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Watafiti waliporudi miaka minane au tisa baadaye, walikuta karibu nusu ya mazoea yale yameachwa, hasa pale meneja wa kiwanda alipobadilishwa, lakini viwanda vile bado viliwazidi wenzao.

Ghana matokeo yalikuwa tofauti. Mafundi cherehani wa Accra walipewa ushauri na kampuni ya kimataifa juu ya kutunza hesabu, kuhudumia wateja na kupanga kazi. Walijaribu, faida haikuongezeka na kwa muda hata ilishuka, na baada ya takriban mwaka mmoja wengi walirudia njia zao za zamani. Dean Karlan na wenzake, walioifanya kazi hiyo, walisoma tukio hilo kama mafundi kujaribu, kupima na kukataa. Nami nawapongeza mafundi hao. Fundi mwenye cherehani moja hana mzigo wa nyuzi uliopotea ghalani. Ushauri uliomfaa mwenye kiwanda cha Mumbai ulimlenga mtu aliyekuwa na ugonjwa ule. Puebla, Mexico, biashara ndogo na za kati 432 zilihusishwa katika jaribio kama hilo, na zilizopata mshauri wa kukaa nazo mwaka mzima zilionekana kufaidika, hata miaka mitano baadaye zikiwa na wafanyakazi wengi zaidi. Lakini kule mshauri alianza kwa kumtafuta mgonjwa alikoumia, kila biashara kwa shida yake.

Kwa hiyo ninakubaliana na mleta uzi kwa sehemu. Ningeongeza tu kwamba mteja anaweza kuagiza vizuri na bado asipate kitu, kama shida yake si ya aina inayotibika kwa ushauri. Kama shida ni mtaji, mshauri wa menejimenti atakupangia vizuri umaskini wako.

Mchangiaji, Nairobi

Maneno ya mtafiti kuhusu mtaji yananikumbusha Kenya Airways. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 shirika lilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 26 za Kenya. Washauri wa kimataifa, McKinsey wakiwa miongoni mwao, waliletwa kusaidia mpango wa kulinusuru. Ndege ziliuzwa na nyingine zikakodishwa, watu walipoteza kazi, na hata nafasi ya kutua Heathrow, London, iliuzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Marubani walilalamika sana kuhusu ada za washauri. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa, serikali na mabenki yakachukua sehemu kubwa ya umiliki. Faida ya mwaka mzima haikuonekana tena mpaka 2024, baada ya zaidi ya muongo.

Mimi si mtu wa mashirika ya ndege, ni mhasibu, na ninaloliona gumu ni hili: nani anaweza kutuambia ni shilingi ngapi kati ya zile zilizookolewa ziliokolewa na washauri? Kila ripoti ya aina hii huwa na jedwali la akiba iliyopatikana. Nimeyakagua majedwali kama hayo katika kampuni nyingine. Kushuka kwa bei ya mafuta kumehesabiwa humo. Gharama iliyokatwa mwezi wa tatu na kurudi mwezi wa tisa kwa jina jingine imehesabiwa humo pia. Hesabu za kampuni hazina mstari unaoitwa faida ya ushauri, na hapo ndipo kila mmoja anapojichukulia sifa.

Mleta uzi

Wachangiaji wawili waliotangulia wamenisukuma nirekebishe nilichosema mwanzoni. Nilisema thamani huamuliwa katika kuagiza. Bado naamini hivyo, lakini kuagiza ni zaidi ya kuandika hadidu nzuri. Ni pamoja na kujua kile ambacho mshauri hataweza kukigusa, na kuamua nani atakishughulikia.

Mfano wa hilo tunao nyumbani, na wengi wetu tuliuishi. Mei 2002 kampuni ya NetGroup Solutions ya Afrika Kusini ilikabidhiwa menejimenti ya TANESCO. Waliingia ofisini wakisindikizwa na polisi kwa sababu wafanyakazi walipinga. Huo si ushauri tu, walipewa usukani wenyewe, pamoja na malipo yaliyofungamana na matokeo. Walikata umeme kwa wadaiwa sugu, taasisi za serikali zikiwemo, na mapato ya mwezi yakapanda karibu mara mbili. Anayesema hawakufanya chochote hasemi kweli. Lakini shirika lilikuwa katika orodha ya kubinafsishwa, uwekezaji katika mitambo na njia za umeme ulikuwa mdogo, na ukame ulipokuja tukaingia katika mgao wa 2006 tukiwa na shirika linalokusanya madeni vizuri na lisilo na umeme wa kutosha wa kuuza. Mkataba uliisha mwaka huohuo. Mwananchi aliyekaa gizani akisoma juu ya malipo ya wageni wale hakuwa na sababu ya kujali kwamba makusanyo yamepanda. Walilipwa kwa kilichopimwa, na kilichopimwa kilikuwa fedha zinazoingia.

Na hapa niseme juu ya mpango wa serikali yetu ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, kwa sababu niliwahi kukaa na watumishi walioshiriki. Mwaka 2013 serikali ilichukua mfumo wa Malaysia, ikawakusanya watumishi, wafanyabiashara na wataalamu katika vikao virefu vilivyoitwa maabara, katika sekta sita: nishati, kilimo, maji, elimu, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Sehemu moja ya mbinu ile naiheshimu mpaka leo: mipango haikuandikwa na mgeni aliyeondoka nayo, iliandikwa na watu wa wizara wakiwa wamefungiwa pamoja mpaka wakubaliane nani afanye nini na lini. Watumishi niliozungumza nao walisema haikuwahi kutokea mtu wa maji na mtu wa hazina wakakaa wiki nzima katika chumba kimoja.

Lakini angalieni elimu. Shule zilianza kupangwa hadharani kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na malengo ya ufaulu yakawekwa kwa asilimia, mwaka hadi mwaka. Ufaulu ulipanda. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliochambua takwimu za nchi nzima, waligundua kwamba shule zilizojikuta mkiani ziliinua kweli ufaulu wao, na pia zilipunguza idadi ya watoto walioketi kwenye mtihani. Fikirini maana yake kwa mtoto mmoja wa shule ya kijijini aliyeonekana atashusha wastani. Hakuna mshauri aliyeandika kwamba mtoto huyo azuiliwe. Kipimo ndicho kilichomzuia, na kipimo kilichaguliwa na watu wazima katika chumba kizuri. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimechagua vipimo vingi maishani mwangu bila kujiuliza ni nani atakayebanwa mlangoni.

Ndugu mhasibu wa Nairobi, juu ya akiba za kwenye majedwali nina jibu la kiutendaji, si la kinadharia. Tangu nianze kulipa washauri, ninakataa mshauri ajipimie. Hali ya mwanzo inapimwa na mkaguzi wetu wa ndani kabla mkataba haujasainiwa, na mwaka mmoja baadaye anapima tena kwa njia ileile. Haiondoi bei ya mafuta, nakubali, wala haitufikishi kwenye usahihi wa wale wa Mumbai. Lakini imenishangaza jinsi mazungumzo ya bei yanavyobadilika mzabuni anapojua kwamba mtu asiye wake atarudi kuhesabu.

Mchangiaji, Mbeya

Shikamoo, mleta uzi. Mimi ni kijana, nina mwaka wa pili katika kampuni ndogo ya ushauri. Nimesoma yote na nimebaki na wasiwasi juu ya kazi niliyoichagua. Zabuni zinazokuja kwetu kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, zimekwisha kuandikwa na mteja, na tukipendekeza kubadilisha hadidu tunaogopa kuonekana hatujakidhi masharti. Mtu aliye chini kama mimi anaweza kufanya nini ili kazi isiishie kuwa makaratasi?

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Wasiwasi wako ni mzuri, usiutupe.

Zabuni nyingi zina kipindi cha kuuliza ufafanuzi. Wazabuni wengi hukitumia kuuliza mambo ya fomu na dhamana. Kitumie kuuliza maswali matatu ambayo mteja mwenye nia njema hataona ni kiburi: ni nani katika ofisi yenu ataendelea na kazi hii tukiondoka, ni uamuzi gani utakaofanywa kwa kutumia ripoti hii na katika kikao kipi, na ni kazi gani za nyuma zilizokwisha kufanywa juu ya jambo hili. Swali la tatu limewahi kuniokoa na aibu ya kuuza jibu lililokwisha kulipiwa. Mteja asipoweza kujibu la kwanza na la pili, wewe huna mamlaka ya kumkataa, lakini mkuu wako anayo, na ni haki yako kumwonyesha majibu hayo.

Hata ndani ya hadidu mbovu kuna nafasi. Kila mkataba nilioufanya ulikuwa na bajeti ya safari na mikutano, na hakuna aliyewahi kunikataza kuitumia kukaa na fundi siku tatu badala ya kukaa na wakurugenzi hotelini siku moja. Kila ripoti ya awali inakuruhusu kupendekeza mbinu. Hapo unaweza kuandika kwamba wiki mbili za mwisho zitatumika kuifanya kazi pamoja na mtumishi husika, na mteja akiikubali ripoti ile, imekuwa sehemu ya mkataba.

Na lugha. Kama kazi yako inahusu watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili, andika sehemu inayowahusu kwa Kiswahili, hata kama hadidu hazikuitaji na hakuna atakayekulipa kwa hilo. Usitafsiri muhtasari wa mabosi. Andika upya, kwa maneno wanayoyatumia wao, kile wanachopaswa kufanya Jumatatu asubuhi. Katika ile kazi yetu ya wiki sita tulibandika karatasi moja kwenye ukuta wa kitengo cha ankara: dira mpya ikifungwa, fundi ajaze fomu hii, aipeleke meza hii, kabla ya saa tisa siku hiyohiyo. Mkuu wa kitengo aliikosoa akasema saa tisa haiwezekani kwa kata za mbali, tukaandika kesho yake saa nne. Mara ya mwisho nilipopita pale karatasi ile ilikuwa imebadilishwa tena, kwa mwandiko wa mkono ambao haukuwa wa mtu yeyote wa kwetu, na saa ilikuwa nyingine kabisa.